Rimoti Haina Kosa

Kigari cha kuchezea kikianza ukaidi, hukumu hutoka haraka: rimoti imekufa. Ndivyo inavyosemwa Kibiti mjini, ndivyo inavyosemwa Ikwiriri, na ndivyo inavyosemwa Kariakoo ambako maboksi ya vigari hivyo hupakiwa kuja kusini. Dalili zinajulikana. Kikiwa kimesimama kigari kinasikia vizuri, usukani unageuka kushoto na kulia kama ulivyoagizwa. Kikishika mwendo tu kinapagawa. Matairi ya mbele yanatetemeka, kinakata kona ambayo hakuna aliyeiagiza, na kikifika hatua kumi kutoka kwa mwenyewe hakisikii tena mpaka kijigonge ukutani. Mzazi ananunua betri mpya za rimoti; hakuna nafuu. Anashauriwa arefushe antena kwa kipande cha waya. Nafuu ya siku moja. Mwisho anaambiwa kwamba teknolojia ile imepitwa na wakati, anunue cha gigahezi 2.4, na kigari cha zamani kinaishia kwenye gunia la muuza vyuma chakavu.

Rai hiyo imeenea mpaka imekuwa kama elimu. Anayeipinga huonekana mjuaji. Hata hivyo ni rai potofu, na upotofu wake unawatoa watu fedha kila mwezi kwa kosa ambalo rimoti haikulitenda. Kigari kinachosikia kikiwa kimesimama na kuziba masikio kikiwa kinakimbia kinasema chenyewe wapi kinaumwa: kwenye kile kilichoanza kufanya kazi kati ya kusimama na kukimbia, yaani mota. Kikulacho ki nguoni mwako.

Mota za vigari vya bei nafuu ni mota za kaboni. Vipande viwili vya kaboni vinasugua komyuteta inayozunguka na kuupeleka umeme kwenye koili moja baada ya nyingine. Ichukuliwe mota ya 540, ile ambayo kampuni ya Mabuchi ya Japani imeieneza duniani kwenye magari ya rimoti ya kiwango cha kati. Kwenye volti 7.2, bila mzigo, huzunguka karibu mara 15,000 kwa dakika, sawa na mizunguko 250 kwa sekunde. Komyuteta yake ina vipande vitatu na kaboni ni mbili, kwa hiyo katika kila mzunguko umeme hukatwa na kuhamishwa mara sita. Jumla ni makato 1,500 kila sekunde. Koili inayokatiwa umeme ghafla hupandisha volti kupita ile ya betri, na pale kaboni inapoachana na kipande cha komyuteta cheche inaruka. Mota ikiwashwa gizani cheche hizo huonekana kwa macho, za rangi ya buluu.

Cheche, kwa bahati mbaya ya mwenye kigari, ni redio. Heinrich Hertz wa Ujerumani alitumia cheche katika miaka ya 1880 kuthibitisha kwamba mawimbi ya redio yapo, na Marconi akajenga biashara nzima juu yake. Mwaka 1898, jijini New York, Nikola Tesla alionyesha boti ndogo iliyoongozwa kwa mawimbi bila waya, na kifaa alichotumia kuyapokea kilikuwa cha aina inayozinduka kwa mshtuko wa cheche. Kwa maneno mengine, chombo cha rimoti na cheche vimefahamiana tangu siku ya kwanza.

Wapo watakaocheka: cheche ya mota ndogo hivyo itamsumbua nani? Hao wangefaa waulize habari za delta yao wenyewe ya Rufiji. Manowari ya Wajerumani, Königsberg, ilipokwisha kuizamisha Pegasus ya Waingereza pale Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, ilijificha katika mikono ya Rufiji, nyuma ya mikoko, mahali ambapo meli kubwa za Waingereza hazikuweza kufika. Mwaka 1915 zikaletwa manowari mbili zenye kina kifupi, Severn na Mersey, na ndege kutoka kisiwa cha Mafia za kuangalia makombora yanaangukia wapi. Jaribio la tarehe 6 Julai lilivurugika. Sababu mojawapo ilikuwa kwamba manowari zote mbili zilifyatua kwa pamoja, na aliyekuwa angani akashindwa kujua kombora lipi ni la nani. Tarehe 11 wakafyatua moja moja. Rubani John Cull na mwenzake H. J. Arnold walikuwa juu, Arnold akituma masahihisho kwa alama za Morse. Ndege yao ikapigwa, injini ikazimika, naye akaendelea kutuma huku wanashuka kuelekea mtoni. Siku hiyo Königsberg ikaisha.

Redio iliyofanya kazi hiyo ilikuwa ya cheche, kwa sababu ndege za vita za wakati ule hazikuwa na nyingine ya kutegemewa. Ubaya wake ulikuwa kujaa kila mahali: cheche haichagui masafa, inatapakaa kwenye yote na kuwaziba wengine masikio. Ndiyo maana mkutano wa kimataifa wa Washington wa mwaka 1927 ulianza kuziondoa redio za namna hiyo katika matumizi. Mota ya kaboni isiyo na kapasita, kidude cha kuizima cheche, inarudisha kituo kile kilichofukuzwa, kidogo lakini kinachokaa sentimita chache tu kutoka kwenye kipokezi, wakati rimoti inaita kutoka hatua ishirini ikiwa na nguvu ya sehemu ndogo ya wati. Kubadilisha betri za rimoti katika hali hiyo ni sawa na kumwambia mwadhini apaze sauti wakati mashine ya kusaga inanguruma mlangoni pa msikiti.

Na pale Rufiji aliyefanikiwa hakuongeza kelele. Alipunguza.

Kapasita ndiyo dawa ya kuizima cheche pale pale inapozaliwa. Zinatakiwa tatu, za kauri, ndogo kama ilivyozoeleka kuziona kwenye ubao wa redio yoyote mbovu: za duara, rangi ya kahawia, zimeandikwa namba. Yenye 104 ni ya mikrofaradi 0.1, yenye 473 ni ya mikrofaradi 0.047. Moja ya 104 inaunganishwa kati ya vituo viwili vya mota, pale waya zinapoungwa. Mbili za 473 zinaunganishwa kila moja kutoka kituo kimoja hadi kwenye bati la mota lenyewe. Ile ya kwanza inaimeza kelele inayokimbizana kati ya waya mmoja na mwingine. Hizi mbili zinaimeza ile inayotoka katika waya zote kwa pamoja, ambayo ndiyo inayogeuza waya za betri kuwa antena. Anayeweka ile ya kwanza peke yake amefanya nusu ya kazi, na mara nyingi nusu iliyo rahisi zaidi.

Sasa zije hoja za wapinzani, maana zipo na baadhi si za kupuuza.

Hoja inayosikika zaidi ni hii: kigari kilitoka dukani bila kapasita, au na moja tu, na kilikuwa kizima. Kweli kilikuwa kizima. Kaboni mpya na komyuteta laini hazirushi cheche nyingi. Baada ya wiki kadhaa za mchanga wa barabara za mtaa na chumvi ya hewa ya pwani, komyuteta inachimbika, kaboni inalika upande, na cheche inakua. Aliyekijaribu kigari kiwandani alikijaribu kikiwa kipya, rimoti ikiwa karibu. Kamati ya kimataifa inayoshughulikia mwingiliano wa redio, CISPR, ambayo ilianza vikao vyake mwaka 1934, ina kiwango maalumu namba 14-1 kwa vifaa vya nyumbani, na ndani yake vitu vya kuchezea vya umeme vimetajwa. Alama zilizochapwa kwenye boksi zinahusu sampuli iliyopimwa, hazihusu mota iliyochoka.

Na zaidi ya hapo kuna jambo ambalo halisemwi kabisa. Vigari vingi vinavyolalamikiwa vimeshabadilishwa mota. Ya kwanza iliungua, fundi akaitoa, akaweka nyingine iliyotoka kwenye kicheza DVD kilichokufa au iliyonunuliwa ikiwa mpya na uchi. Mota ya zamani ikatupwa, na kapasita zake zikiwa zimelehemiwa mgongoni mwake. Hapo ndipo ugonjwa ulipoingia, mezani kwa fundi, si kwenye rimoti. Wapo hata mafundi wanaovikata vile vidude vya kahawia kwa makusudi wakidhani ni takataka za kiwandani, kwa kuwa wakivitoa mota bado inazunguka. Bila shaka inazunguka. Kapasita hizo hazikuwekwa kwa ajili ya mota, ziliwekwa kwa ajili ya kipokezi. Atakayetaka kubisha na akifungue kigari chochote kinachosumbua baada ya kubadilishwa mota, aangalie mgongo wa ile mpya.

Hoja nyingine inapendwa na vijana wa mbio: kapasita inakula nguvu ya mota. Hesabu inaimaliza haraka. Kapasita haipitishi umeme wa moja kwa moja. Inakula pale tu volti inapopanda na kushuka. Kidhibiti mwendo kinachowasha na kuzima umeme mara 1,000 kwa sekunde kwa volti 7.2 kitapoteza kwenye kapasita hizo tatu nguvu isiyofika hata sehemu moja ya mia ya wati. Mota ya 540 ikiwa kazini hunywa makumi ya wati. Kijana anayelalamikia upotevu huo angepata kasi zaidi kwa kupangusa mchanga kwenye giya.

Kuna waliokubali dawa wakaharibu kipimo. Wanafikiri kama ndogo inasaidia basi kubwa itasaidia zaidi, wanachomoa kapasita nene yenye alama ya kutoa kutoka kwenye pawasaplai na kuibandika kwenye mota. Kapasita hiyo ina chanya na hasi. Kigari kikirudi nyuma umeme unageuka, nayo inavimba na kupasuka. Hata isipopasuka, ukubwa wake unakibebesha kidhibiti mwendo mshtuko kila kinapowasha. Na kwenye masafa ya juu haizimi kelele vizuri kama ile ndogo ya kauri. Katika jambo hili udogo ni sifa.

Urefu wa miguu ya kapasita nao una mashaka yake, na hapa ndipo kazi nyingi za mafundi wazuri zinapoharibikia. Kwenye megahezi 27, masafa ya vigari vingi vya bei nafuu, kapasita ya 104 yenyewe inaizuia kelele kwa kiasi kisichofika sehemu moja ya kumi ya omu. Ni kama njia iliyo wazi. Lakini milimita kumi tu za mguu wake zinaongeza upinzani wa karibu omu 1.7, zaidi ya mara ishirini ya kapasita yenyewe. Fundi anayeacha miguu mirefu ili kazi ionekane nadhifu, au anayeweka kapasita kwenye ubao badala ya mgongoni mwa mota, amejenga ukuta kisha akaweka mlango ndani yake. Miguu ikatwe mifupi iwezekanavyo. Bati la mota likwanguliwe kwa msasa mpaka ling'ae, maana lehemu haishiki kwenye rangi wala kwenye kutu, na joto liwe kali lakini la muda mfupi ili plastiki inayoshikilia kaboni isilegee.

Imebaki hoja yenye uzito, ile ya gigahezi 2.4. Wanaoitoa wana haki kwa sehemu kubwa na si vyema kuwanyima. Kelele ya cheche hupungua kadiri masafa yanavyopanda, na rimoti za kisasa hurukaruka kutoka masafa hadi masafa mara nyingi kwa sekunde, kwa hiyo mkwaruzo hauwapati kwa urahisi kama ulivyompata mwenye megahezi 27 au 49. Kama kelele ingekuwa na njia moja tu, ya antena, mjadala ungeishia hapo.

Ina njia ya pili, nayo ni waya. Mota, kidhibiti mwendo, kipokezi na sevo ya usukani vinakula sufuria moja: betri ile ile. Kelele inayopanda kwenye waya za betri inaingia kwenye umeme wa kipokezi bila kupita hewani, inaitikisa sevo, na inaweza kuizima na kuiwasha upya kompyuta ndogo iliyomo ndani. Hapo kigari cha kisasa kinasimama kwa nukta moja, kinaunganishwa tena, kinakwenda, kinasimama. Mwenyewe anaapa kwamba rimoti mpya nayo ni feki. Gigahezi 2.4 imehamisha mlango. Mwizi bado yumo ndani. Ni mota zisizo na kaboni tu, zile za waya tatu, zisizohusika na mjadala huu, na hizo zisiwekewe kapasita za namna hii hata kidogo kwa sababu zitakiumiza kidhibiti chake.

Tena kuna majirani. Mkwaruzo hauishii kwenye uwanja wa mwenye kigari. Redio ya FM huuficha mwingi kwa jinsi ilivyoundwa, lakini anayesikiliza masafa ya kati au mafupi huupata wote. Watengenezaji wa injini walilielewa hili zamani. Muuza vipuri vya pikipiki anayeshika plagi za NGK mkononi, D8EA na DR8EA, huenda hajawahi kuulizwa herufi R inafanya nini. Ni alama ya kizuizi cha umeme, kiasi cha kilo-omu 5, kilichowekwa ndani ya plagi ili cheche ya injini isisumbue redio. Viwanda vya injini havikuwaambia wenye redio wanunue redio mpya.

Ushahidi upatikane bila maneno mengi. Kigari kiinuliwe matairi yasiguse chini. Waya za mota zitolewe, kisha usukani ujaribiwe kwa rimoti kutoka mbali. Ukitii, rimoti imeachiwa huru. Waya zirudishwe, mota izungushwe, na usukani ujaribiwe tena kutoka pale pale. Ukianza kutetemeka, mshitakiwa amepatikana. Anayetaka uhakika zaidi achukue redio ndogo yenye masafa ya kati, aiweke pasipo na kituo, aisogeze karibu na kigari. Mkwaruzo utapanda na kushuka pamoja na mwendo wa mota, na baada ya kapasita tatu kulehemiwa vizuri utapungua mpaka aisogeze redio karibu kabisa ndipo ausikie. Kama mota ikitolewa bado usukani haueleweki, hapo ndipo pa kuitazama rimoti, au kumtafuta mtoto wa jirani mwenye kigari cha masafa yale yale, maana hilo nalo hutokea na halina kapasita ya kulitibu.

Deltani kwenyewe jambo hili lina uzito kuliko Kibiti mjini, kwa sababu huko chombo cha asili cha kuchezea ni boti. Boti ya rimoti ina mota nyuma na betri katikati au mbele ili isizame mkia, kwa hiyo waya ni mrefu, na waya mrefu unaobeba kelele ni antena nzuri. Waya hizo mbili zisokotwe pamoja kutoka mwanzo hadi mwisho. Kazi ya dakika mbili isiyogharimu kitu. Maji ya chumvi yanakula komyuteta kuliko vumbi. Antena ya gigahezi 2.4 nayo lazima isimame juu ya maji, kwa kuwa maji yanayameza mawimbi hayo. Na hasara ni nyingine kabisa: gari likipoteza mawasiliano linajigonga ukutani na kuokotwa, boti ikipoteza mawasiliano wakati maji yanakupwa inakwenda zake kwenye mikoko.

Shule za sekondari zinafundisha kapasita katika fizikia, na wanafunzi wanakokotoa mikrofaradi kwenye karatasi bila kuigusa. Mwalimu mwenye kigari kibovu, redio ndogo na kifaa cha kulehemu anaweza kuonyesha somo lote kwa kipindi kimoja, na wanafunzi wakasikia kwa masikio yao kelele ikifa. Kapasita zenyewe zimejaa kwenye bao za redio na televisheni za kizamani zinazotupwa nyuma ya kila kibanda cha fundi.

Ombi kwa mafundi, basi, ni dogo. Kabla ya mota ya zamani kutupwa, kapasita zake zihamishiwe kwenye mpya, na kama hazikuwepo ziwekwe tatu kabla kigari hakijafungwa. Na mteja anayeambiwa rimoti imekufa aombe kwanza kuonyeshwa mgongo wa mota.